Mashine ya Kupimia Sukari na Mtani Wetu

Kabla mashine haijaja, sukari ya damu katika hospitali yetu ya Tabora ilipimwa kwa jicho la mtu mmoja. Damu ya mgonjwa ilichanganywa na dawa na kuchujwa mpaka ikawa maji meupe, maji yale yakachemshwa na dawa nyingine yenye shaba, na mwisho yakageuka buluu. Sukari ikiwa nyingi, buluu inakoza. Ikiwa kidogo, inapauka kama khanga iliyofuliwa misimu mingi. Mwalimu wangu alitia buluu ya mgonjwa katika kikombe cha kioo upande mmoja, na upande wa pili akatia buluu ya maji ambayo sukari yake tunaijua. Kisha aliinama kwenye lenzi, akawa anainua na kushusha vikombe polepole mpaka rangi mbili zikawa rangi moja. Hapo ndipo aliposoma kipimo.

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nikapewa kazi ya kuosha vioo katika maabara ile. Yeye ndiye aliyeniambia niache ndoo nije kutazama kwenye lenzi. Nakumbuka asubuhi hiyo kuliko asubuhi nyingi za ujana wangu. Duara dogo limekatwa katikati, nusu buluu ya mtu nisiyemjua, nusu buluu ya kweli, na mstari kati yao ukififia chini ya mkono wake mpaka ukapotea. "Umeuona unavyokufa huo mstari?" aliniuliza. "Ukifa, umejua jambo la mtu ambalo mwenyewe halijui." Tangu siku ile nilimfuata kila alikokwenda.

Alikuwa Mzaramo, mtu wa minazi nyuma ya Dar es Salaam, na sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Utani huu ulizaliwa barabarani. Babu zetu walibeba pembe na vitambaa katika njia ile ya misafara inayopita Tabora, ikitoka Pwani kwenda Ujiji na kurudi, na aliyekufa njiani alizikwa na aliyekuwa karibu naye, ambaye mara nyingi hakuwa wa kabila lake. Watu waliozikana porini walikwisha kuona vya kutosha. Hawakuwa na haja tena ya kuoneana haya. Ndiyo maana mtani anaweza kuingia nyumbani kwako bila hodi, akakutukana, akachukua kipande kizuri cha nyama katika sahani yako, nawe huna la kufanya ila kumtukana zaidi.

Lakini mwalimu wangu alikuwa na sharti lake. Ndani ya maabara hakuna utani. Kipimo kikisemwa kwa mzaha, alisema, kesho mtu atapigwa sindano ya mzaha. Basi tukiwa ndani nilimwita Bwana, naye aliniita kwa jina langu, tukasema kweli tu. Akivuka kizingiti kwenda barazani, hata kabla mguu wa pili haujafika nje, alikwisha kuniita mpagazi, na kuniuliza kama mgongo wa babu yangu umenyooka huko kaburini.

Nililelewa na mama mkubwa, dada yake mama yangu, katika nyumba yetu ya mtaa wa Ng'ambo. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na sura ya mama ninayoijua ni ya dada yake. Alikuwa akiuza asali. Watu wa misituni walimletea katika masanduku ya magome ya miti, na yeye aliichuja kwa kitambaa, kidogo kidogo, mchana kutwa, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini kama vile asali ingeweza kushtuka. Nguo zake zilinukia nta. Alikuwa mwanamke wa kutembea. Hakuna njia ya mji ule ambayo nyayo zake hazikuijua, maana asali yake aliwapelekea wateja mwenyewe, mzigo kichwani.

Mwalimu wangu alikuja kwetu kila Jumapili. Hakumpa mama mkubwa shikamoo hata siku moja, ijapokuwa alikuwa mdogo kwake kwa umri. Alimpa matusi.

"Mpagazi," alisema akiwa bado mlangoni, "umeshusha mzigo au nikupige kiboko?"

"Karibu, mla nazi. Nilidhani umekufa, nikapika kidogo kwa furaha."

Naye alikaa, akavuta sahani yangu akaila. Mama mkubwa alimtazama akila kwa macho ambayo hata mimi hakunitazama nayo mara nyingi. Hakuwa amezaa mtoto wa kiume. Nadhani alikwisha kumweka mahali fulani moyoni, na matusi yale yote yalikuwa njia ya kumfikia.

Basi mashine ikaja, kwa treni ya Pwani, ndani ya sanduku la mbao lililojazwa majani makavu. Ilikuwa nyeusi, fupi, yenye taa ndani yake na tundu la kutumbukiza kichupa juu, na mbele ilikuwa na kioo chenye mshale kama wa saa. Mwanga ulipita katika buluu. Buluu iliyokoza iliuzuia, iliyopauka iliupitisha, na mshale ulisema. Ukitia maji matupu, ulikaa kwenye sifuri. Kila buluu ilipokoza, ulisogea kulia.

Daktari wetu, Mzungu mwenye maneno machache, alituambia kwamba serikali ilitaka kujua kama mashine hii inaaminika kabla ya kuzinunulia hospitali nyingine. Kila damu ingepimwa mara mbili. Mimi ningesoma mshale. Mwalimu wangu angesoma kwa jicho lake, bila kujua mshale umesema nini, ili jicho lisije likaifuata mashine. Na tulihitaji watu wazima wa afya, wengi, mbali na wagonjwa wa wodini, ili tuone kama mashine inawaweka wazima mahali pamoja. Mwalimu wangu ndiye aliyepewa kazi ya kuwachagua na kusema huyu ni mzima. Kazi ikienda vizuri, yeye ndiye angeichukua mashine mpaka Dar es Salaam awaonyeshe wenzake wa hospitali nyingine jinsi inavyotumika.

Sijapata kumwona mtu akibadilika hivyo. Alikuwa akirudi kwao kwa likizo kama watu wengine, amebanwa kwenye treni na mizigo na watoto wa watu. Sasa angerudi kwa kazi, na mashine pembeni yake, mwalimu wa watu. Alinunua viatu. Alivivaa maabara ili vizoee miguu, na vilipiga kelele juu ya saruji kila alipopita.

Nilimwomba mama mkubwa atoe damu. Hakutaka. Aliuliza damu ikitoka inakwenda wapi, na nani anabaki nayo, na kama wakiona jambo baya watalinyamazia kama walivyonyamaza wakati wa mama yangu, ambaye alikufa wodini bila mtu kusema alikuwa na nini. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Hakuogopa sindano. Aliogopa watu kujua jambo lake na kukaa nalo.

Jumapili ile mwalimu wangu alipokuja nilimweleza hofu hiyo mbele ya mama mkubwa. Alivua kofia. Hakutukana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ndani ya nyumba yetu akiwa na uso wa maabara.

"Mama," alisema, "nitakachokiona nitakuambia mwenyewe. Sitakificha."

Mama mkubwa akasema haya, nitakuja. Alikubali kwa sababu ya ile kofia mkononi na lile neno mama. Mtani akiacha utani ili akuambie neno, neno hilo unalibeba kama kiapo.

Alikuja asubuhi, tumbo tupu kama alivyoagizwa, katika khanga mpya. Nilimnawisha mikono mwenyewe kwa sabuni, kwa kuwa mikono yake ni mikono ya asali, ingawa damu haikutolewa kidoleni. Mwalimu wangu aliitoa mkononi, kwenye mshipa, kwa upole mwingi, na mama mkubwa akaenda kukaa kwenye benchi la barazani pamoja na wengine waliokuwa wakingoja.

Niliweka mshale kwenye sifuri kwa maji matupu. Nikatumbukiza kichupa chake. Mshale ulisogea, ukapita pale walipoishia wazima wote waliomtangulia, ukaendelea kwenda kama mtu asiyesikia akiitwa. Nilikitoa kichupa, nikakipangusa, nikakirudisha. Ulikwenda palepale.

Mwalimu wangu alikuwa ameinama kwenye lenzi yake. Alikaa pale muda mrefu kuliko kawaida, mkono kwenye skrubu, bila kuinua wala kushusha kitu. Kisha akafanya jambo ambalo lilikatazwa. Aliniuliza mshale umesema nini. Nikamwambia. Akaniagiza nikalete maji safi yaliyotoneshwa kwa mvuke kutoka stoo, na niliporudi vikombe na vichupa vya mama mkubwa vilikwisha kumwagwa na kuoshwa. Kuosha ilikuwa kazi yangu.

"Umeme umecheza," alisema. "Mashine imeshtuka. Jicho linasema ni mzima."

Nilishusha pumzi. Jicho lile nililiamini kuliko umeme, kuliko serikali iliyoleta mashine. Niliona hata fahari kidogo kwamba bado jicho la mtu wetu linaishinda taa ya Wazungu.

Kisha alitoka barazani. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika mlango. Aliuvuka mlango kwa viatu vyake vipya, akasimama mbele ya benchi, akamnyooshea mama mkubwa kidole.

"Mpagazi wee, damu yako asali tupu. Nyuki wakipata habari watakuja kujenga mzinga kifuani mwako. Mwaka huu unakufa, nakuzika mimi, na masanduku yako ya asali narithi."

Benchi zima likacheka. Mwanamke mmoja alijipiga mapaja.

"Utatangulia wewe, mla nazi," mama mkubwa akajibu, "na mimi nitacheza ngoma juu ya kaburi lako mpaka lididimie."

Nami nilicheka mlangoni pale. Mama mkubwa aliinuka akajifunga khanga vizuri, akashuka ngazi kwa hatua nyepesi. Alikuwa amepata jibu lake. Kama kungekuwa na jambo, angelivulia kofia.

Mashine ilikubaliwa. Daktari aliandika ripoti yake, na mwalimu wangu akafungasha. Tulikwenda stesheni kumsindikiza, mimi na mama mkubwa. Alikuwa ameipakata ile mashine kama mtoto wa kwanza. Mama mkubwa alimpitishia dirishani debe dogo la asali, akamwambia ampelekee mama yake mzazi, na kwamba akila njiani atamwota mama huyo usiku. Treni ilipoondoka alisimama akipunga mpaka moshi ulipokwisha.

Mvua zikaanza. Mama mkubwa alikwenda Lusu kwenye msiba wa ndugu yetu, akipanda lori la Nzega, na huko alikwaruzwa kidole cha mguu na jembe. Kidonda kidogo, alirudi akikicheka. Lakini hakikukauka. Alikipaka asali, ambayo alikuwa akiwatibia nayo majirani wote, na kilizidi kuwa cheusi. Alikuwa akinywa maji mtungi kwa mtungi. Alikonda mpaka khanga ikamzunguka mara moja zaidi. Asubuhi moja niliona sisimizi wamejipanga katika bafu letu la nyasi, mstari mrefu, kwenda pale mkojo wake ulipopita. Nilikuwa nimefundishwa kwamba sisimizi hufuata mkojo wenye sukari.

Nilichukua mkojo wake katika chupa, nikaupeleka maabara, nikauchemsha na ile dawa ya buluu tuliyokuwa tukiwapimia wagonjwa wa wodini. Buluu iligeuka kijani, ikageuka njano, ikatua kwenye wekundu wa tofali, rangi ya sukari nyingi.

Nilikwenda kwa daktari bila hata kuvua koti. Nilimwambia huyu ni yule mwanamke wa asali aliyepimwa kwa mashine, ambaye jicho lilimwona mzima. Daktari alinieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, kwamba anamkumbuka. Aliambiwa na msaidizi wake, yaani mwalimu wangu, kwamba mikono ya mwanamke yule ilikuwa na asali na imeharibu damu, na mashine na jicho vyote viwili vilisoma sukari nyingi kwa sababu hiyo. Kisha alitolewa damu ya pili, na hiyo ya pili ilikuwa njema.

Hakukuwa na damu ya pili. Na mikono ile niliiosha mimi.

Nilisimama pale mbele ya meza nikisikia maneno hayo yakijipanga upya kichwani mwangu. Vyote viwili. Jicho lilikuwa limeona. Ule mstari ulikuwa umekufa chini ya mkono wake, na alijua.

Mama mkubwa alilazwa siku ileile. Walianza kumpiga sindano za insulini, na kiu yake ikatulia, na macho yake yakarudi kuwa macho yake. Lakini mguu ulikuwa umekwisha kuoza kwa ndani, wakaukata chini ya goti. Alipozinduka aliniuliza nani atawapelekea wateja asali yao. Kisha akauliza kama ugonjwa huu ulikuwamo tangu ile asubuhi ya mashine. Nilimwambia ulikuwamo. Akageuza uso ukutani.

Mwalimu wangu alirudi kabla kidonda cha mguu hakijafunga. Nilimsubiri ndani ya maabara. Sikutaka kumkuta barazani, nilitaka tuwe upande ule ambao husemwa kweli. Alikuwa amenenepa kidogo, mwenye furaha, na alianza kunieleza habari za mji, jinsi walivyomsikiliza, jinsi daktari mmoja wa huko alivyompa mkono. Nilimwacha amalize.

"Jicho lako liliona nini, Bwana, katika damu ya mama mkubwa?"

Viatu vyake vilinyamaza juu ya saruji.

"Liliona ilichoona mashine," alisema.

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia." Alinitazama usoni, na hakukuwa na mzaha katika uso wake. "Wewe ulikuwepo, umeshika mlango. Nilimwambia damu yake ni asali. Nilimwambia atakufa. Mlicheka ninyi."

Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ileile aliyonifundishia. Yeye ndiye aliyewachagua wazima. Angesema mmoja wao ni mgonjwa, daktari angewatilia shaka wote, kazi ingeanza upya, na safari ingempata mtu mwingine. Alikusudia kumwambia vizuri akirudi. Watu huishi na sukari muda mrefu, alisema. Hakujua habari ya jembe la Lusu. Alisema yote hayo kwa utaratibu, na kila neno lilikuwa linaeleweka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Uongo aliomwambia daktari ningeweza kuuweka mahali. Watu hudanganya wakubwa wao. Hata uongo alionidanganya mimi. Lakini alisubiri mpaka avuke mlango. Alijua kabisa ni upande gani neno linaaminika na ni upande gani linachekwa, maana sharti lile alilitunga mwenyewe, na alichukua kweli ya mama mkubwa akaenda kuitupa upande wa kicheko, ili baadaye aweze kusema aliisema. Wale wazee wa misafara waliuacha utani kama njia ya kubebana. Yeye aliutumia kama mahali pa kujificha.

Siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa, alikuja wodini. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Alisimama upande wa miguuni, kofia kichwani, akamtazama mama mkubwa, na pale shuka ilipolala bapa. Wanawake wa vitanda vya jirani walimfahamu. Waligeuka kusikiliza, wengine wameanza kutabasamu.

"Mpagazi wa mguu mmoja," alisema. "Sasa mzigo wangu atabeba nani?"

Najua alichokuwa akiomba. Kama mama mkubwa angemtukana, tusi lolote, la nazi, la ngoma, la mama yake, mambo yangekuwa yamekwisha. Ndiyo desturi. Mtani akijibiwa amesamehewa. Wodi nzima ilingoja jibu lile, na mama mkubwa alikuwa nalo. Sijaona siku alipokosa.

Alijiinua juu ya mto. Akajitanda khanga kichwani, kama afanyavyo mbele ya watu wasiomjua.

"Karibu, bwana," alisema. "Habari za safari? Nyumbani hawajambo?"

Tabasamu za wanawake zilizimika moja moja. Mwalimu wangu alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alijaribu tena, akasema kitu kuhusu kurithi masanduku ya asali, na mama mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamshukuru kwa kuja kumtazama, akamwombea baraka za Mungu.

Hapo mwalimu wangu alivua kofia. Aliishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, bwana." Akanigeukia. "Mwanangu, mpe mgeni kiti."

Nilileta kiti. Alikaa. Mama mkubwa akamwuliza kama huko Pwani mvua zimenyesha vizuri, naye akajibu kwamba zimenyesha, na akauliza kama hapa nazo ni nzuri, na mama mkubwa akasema tunashukuru. Tulikaa hivyo, wote watatu, tukiongea kwa upole mkubwa habari za mvua, mpaka kengele ya kuondoa wageni ilipogongwa.